Uzoefu wangu: Mapango ya Suswa, kanisa la Waitaliano, na Mama ndani ya gari

Mama alikuja Nairobi kutoka Wundanyi, kule Taita, kwa mahafali ya mpwa wangu, na sherehe ilipokwisha akabakiwa na siku nne za kukaa kwangu Umoja akitazama ukuta wa jirani. Nikaona aibu. Mwenzangu wa kazini akanitumia tangazo la safari ya siku moja: watu wasiozidi tisa, "mapango, makanisa na mashamba", Sh6,500 kila mtu, ndani yake gari, mwongozo, viingilio na chakula cha mchana. Nikalipa ya watu wawili kwa M-Pesa siku ya Jumatano, na Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukawa tumesimama pale Archives, katikati ya jiji, Mama amejifunga leso mbili na kubeba chupa ya chai kana kwamba tunakwenda Voi kwa treni.

Jina la kampuni sitalitaja, maana yaliyonikera nadhani ungeyakuta kwa wengi wanaouza safari za namna hii. Niseme tu mapema kwamba njia yenyewe ni nzuri mno, ila ratiba ndiyo mbovu. Tulikuwa watu tisa, tukakimbizwa kama wanafunzi wa basi la shule.

Gari lilifika saa moja kasoro kumi, tukaondoka saa moja na dakika ishirini kwa sababu ya mchumba na mchumba wake waliokuwa wanatoka Syokimau. Sawa, hiyo ni Nairobi. Kituo cha kwanza kilikuwa Thogoto, kule Kikuyu, kwenye kanisa la mawe la Kipresbiteri (PCEA) linaloitwa Church of the Torch. Mwongozo alitueleza vizuri: wamisionari wa Kiskoti walihamia hapa kutoka Kibwezi mwaka 1898, na "Thogoto" ni "Scot" lililopita kwenye ulimi wa Mkikuyu likatoka hivyo. Kijana ambaye baadaye alikuja kuitwa Jomo Kenyatta alisomea misheni hii, akabatizwa mwaka 1914 kwa jina la Johnstone. Hadithi tamu, lakini tuliisikilizia nje. Hakuna aliyekuwa amepiga simu kuomba tufunguliwe, na waandalizi walijua wiki nzima kwamba tunakuja. Baada ya dakika kumi na mbili tukaitwa garini.

"Mwanangu," Mama akaninong'oneza, "kwako nilikuwa natazama ukuta bila kulipa."

Toka hapo tukashika barabara kuu hadi Rironi, tukaiacha na kuteremka kwa barabara ya zamani ya Mai Mahiu. Kama hujapita huko asubuhi, kuna ukungu unaokaa ukingoni mwa Bonde la Ufa kama maziwa yanayotaka kufurika, halafu kona moja tu na bonde lote limefunguka chini yako, Mlima Longonot upande mmoja na Mlima Suswa kwa mbali. Tulisimama kwenye vibanda vya wauza vinyago na kofia za ngozi ya kondoo. Kofia aliyotajiwa kwa Sh800 Mama aliichukua kwa Sh350, na muuzaji akamwita "Cucu", yaani bibi, kwa heshima ya mtu aliyeshindwa. Huo ulikuwa muda ambao hakuna aliyetuharakisha, nadhani kwa sababu dereva naye alikuwa anakunywa chai.

Kisha kanisa la Waitaliano. Liko chini kabisa ya mteremko, kando ya lami, na ukiwa na haraka unalipita ukidhani ni kibanda cha mlinzi. Nimelipita mara nyingi nikienda Narok kazini bila kusimama. Wanajeshi wa Italia waliotekwa baada ya kushindwa Ethiopia na Somalia mwaka 1941 waliletwa Kenya kwa maelfu, na baadhi yao wakapewa kazi ya kuchonga barabara hii kwenye ukingo wa bonde. Mwaka 1942 wakajenga kanisa lao papo hapo walipokuwa wakifanya kazi. Wafungwa wa vita, mbali na kwao, mchana wanavunja miamba kwa ajili ya barabara ya watu wengine, halafu wanapata nguvu ya kuchonga mawe mengine kwa ajili yao wenyewe.

Ndani ni padogo kiasi kwamba tulipoingia wote tisa, kila mtu alikuwa anakanyaga kiatu cha mwenzake. Kuna michoro ukutani, kuna ubaridi wa mawe, na lori likipita nje unalisikia miguuni kabla ya kulisikia masikioni. Mama ni Mwanglikana wa zamani, hapigi ishara ya msalaba. Alisimama karibu na mlango, mkono mmoja ukutani, akawa anapitisha kidole kwenye ungio la mawe mawili. Baba yake alikuwa fundi wa mawe. "Huyu alijua kazi," akasema. Akahama jiwe la pili, na la tatu. "Na huyu hapa alikuwa anajifunza."

Nikainama kutazama, na kweli upande wa mlango mawe yanakaa sawasawa kama meno, na hatua chache ndani saruji imejaa mianya. Sijui kama alikuwa sahihi, huenda ni ukarabati wa baadaye, lakini hakuna mwongozo angenionyesha hilo. Nilitaka kuuliza habari za michoro. Mwongozo akatazama saa. Dakika kumi na tano, twendeni. Hapa ndipo nilipokasirika kwa mara ya kwanza, maana tulikuwa tumepoteza nusu saa nzima, ukihesabu kuingia na kutoka Kikuyu, mbele ya mlango uliofungwa.

Mai Mahiu tulikunywa chai na chapati. Jina lake kwa Kikuyu ni maji moto, na mji wenyewe ni wa malori: yamepangana pande zote mbili, madereva wanaoga kwenye mabomba, moshi wa nyama choma tangu saa tatu asubuhi. Mwanamke aliyetuhudumia alitaja mafuriko ya Aprili 2024 kwa sentensi moja, akapangusa meza, akatuuliza kama tunaongeza sukari. Hatukumhoji.

Ukishika barabara ya Narok unapita karibu na mwisho wa reli ya SGR, ile iliyozinduliwa Oktoba 2019 ikaishia hapa Suswa, na pale ambapo mwaka 2018 mvua ilifungua ufa uliokata barabara, dunia nzima ikaandika kwamba Afrika inapasuka vipande viwili. Mchumba wa Syokimau alitaka tusimame apige picha ya ufa. Mwongozo akamwambia ulijazwa zamani, lami iko juu yake, tumeshaupita.

Tulipofika senta ya Duka Moja tukaacha lami. Tangazo lilisema gari la kupanda milima. Lililokuja lilikuwa van ya watalii yenye paa la kufunguka, safi, lenye viti vizuri, ambalo kwenye vumbi la Suswa lilikuwa kama mtu aliyevaa viatu vya harusi shambani. Vumbi lile si la kawaida. Ni laini kama unga wa uji, linaingia hata dirisha likiwa limefungwa, na kwenye kona ya pili ya mlima tairi za nyuma zikaanza kuzunguka mahali pamoja. Tukashuka. Wanaume wanne wakasukuma, Mama akasimama pembeni akitoa maelekezo kwa Kitaita, ambayo kwa namna fulani yalieleweka. Mara ya pili tuliokolewa na vijana watatu wa bodaboda. Dereva aliwalipa kutoka mfukoni mwake, hilo niliona, na ndiyo maana malalamiko yangu hayamhusu yeye.

Juu tulipokewa na kijana wa Kimaasai anayeongoza wageni mapangoni. Alimwinamia Mama kwanza, akamsalimia: "Takwenya, yeyo." Akamfundisha kujibu "Iko". Kuanzia hapo Mama alikuwa mgeni wake, na sisi wengine wanane tulikuwa mizigo iliyofuatana naye.

Sasa mapango. Usitarajie mapango ya chokaa yenye mawe yanayoning'inia kama mishumaa. Suswa ni volkeno, na mapango yake ni mabomba: uji wa moto ulitiririka mlimani, juu ukapoa na kuganda, chini ukaendelea kwenda hadi ukaisha, ikabaki njia tupu. Paa limebomoka hapa na pale, na kwenye mashimo hayo ndipo unapoingilia, ukishuka kwa mikono na makalio kati ya mawe makubwa na mizizi ya mitini. Jua linapita kwenye tundu kama nguzo, vumbi linacheza ndani yake. Hatua thelathini mbele hakuna kitu. Giza kabisa, lile ambalo ukifumba na kufumbua macho ni mamoja.

Tochi. Tulipewa tisa, tatu hazikuwaka. Siyo kwamba zilififia, hazikuwaka kabisa. Nikamulika kwa simu, na mzee mmoja wa Nakuru tuliyekuwa naye akashikilia begi langu kama kipofu. Kofia ngumu zilikuwepo na zilinisaidia, maana niligonga paa mara mbili.

Kwenye ukumbi mmoja kuna popo, wengi sana, na unajua umewakaribia kwa harufu kabla ya sauti. Jifunge kitambaa puani, na si kwa ajili ya harufu tu, kinyesi chao kikikauka kinapeperuka. Kwenye pango jingine kuna kile wanachokiita Bunge la Nyani. Nyani huingia jioni kulala humo kwa kumwogopa chui, asubuhi wanatoka. Tulifika mchana, wabunge hawakuwepo, lakini viti vyao vipo: miamba iliyong'aa kama sakafu ya benki, kwa sababu makalio ya vizazi na vizazi vya nyani yameisugua. Nilipitisha kiganja. Ni nyororo kuliko kaunta ya jikoni kwangu.

Vijana wa kundi letu walikuwa wanapiga kelele wasikie mwangwi. Mama akasimama. Hakupaza sauti, alisema tu, "Wanangu, pangoni watu huongea polepole." Kwetu Taita zamani, baada ya mtu kuzikwa, fuvu lake lilifukuliwa na kuwekwa pangoni pamoja na ya ukoo wake, na mapango mengine bado yana mafuvu hayo. Mama ni mtu wa kanisa, lakini alilelewa na bibi aliyejua pango lipi ni la nani. Kijana wa Kimaasai akazima tochi yake, akatuomba nasi tuzime, tukakaa kimya labda dakika mbili. Maji yalikuwa yanadondoka mahali fulani. Kama ningeulizwa Sh6,500 ilikwenda wapi, ningesema nyingi ilikwenda hapo.

Nje ya mapango tulionyeshwa jambo ambalo halikuwemo kwenye tangazo, na sielewi kwa nini. Suswa hakuna mto, lakini mlima unapumua mvuke. Wenyeji huchomeka mabomba kwenye matundu ya mvuke, mvuke unapopanda bomba unapoa na kuwa maji, tone kwa tone, hadi kwenye pipa. Mama alikinga kiganja, akasubiri, akaonja. "Hayana ladha," akasema, halafu akakinga tena. Mtu aliyebeba maji kichwani miaka arobaini hutazama bomba kama lile kwa jicho jingine.

Chakula cha mchana kilikuwa ukingoni mwa kreta ya ndani, mahali pazuri kuliko hoteli yoyote: chini yako shimo kubwa la duara, na katikati yake kisiwa cha mwamba kimezungukwa na handaki lenye miti. Chakula chenyewe wali, kipande kimoja kimoja cha kuku, na kachumbari iliyokuwa imeanza kuchacha. Tulipewa dakika thelathini, eti tuwahi shamba la maua na mboga njiani. Shamba hatukulifikia, kwani malori yalikuwa yamejaa mteremko mzima na tulipanda ukingo wa bonde kwa mwendo wa kobe. Archives tulishuka saa mbili na nusu usiku.

Kwa hiyo, ukiamua kwenda, uliza mambo matatu kabla ya kutuma hela: gari ni la aina gani hasa, tochi zimejaribiwa lini, na Thogoto mtafunguliwa au la. Wakisita kwenye la mwisho, waombe waiondoe, muda wake waupeleke kwa Waitaliano. Vaa viatu vya kufunika mguu na nguo usiyoipenda. Mtu mwenye magoti mabaya asishuke pango la kwanza, ingawa Mama ana miaka 67 na alishuka akiwa ameshikwa mkono mmoja tu.

Niliwaandikia waandalizi kuhusu tochi na gari. Walijibu siku ya pili, wakaomba radhi na kunipa punguzo la nusu bei kwa safari ijayo. Nilipompigia Mama kumweleza, alikuwa shambani. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama nusu hiyo inaweza kumlipia shangazi yangu pia, kwa sababu ameshamwambia habari za yale maji na hamwamini.