Uzamili wa ubunifu wa nguo za ndani: angalia karakana kabla ya brosha

Brosha za vyuo vya mitindo zinafanana mno. Modeli kavaa lesi nyeusi, aya moja inasifia ubunifu, kisha inafuata orodha ya moduli ambayo ukiihamishia chuo kingine hakuna atakayegundua. Anayetaka kusomea nguo za ndani katika ngazi ya uzamili hapati mengi humo. Kozi nzuri hutofautiana na kozi ya jina tu kwa mambo matatu: mashine zilizopo karakanani, miili halisi ya kujaribishia, na mhadhiri anayejua kupandisha na kushusha saizi za vikombe. Masomo haya tumeyapima kwa mizani hiyo, na mengine yote tumeyapa uzito mdogo.

Ijulikane mapema kwamba shahada za uzamili zinazobeba jina la nguo za ndani peke yake ni chache. Fani hii imekulia zaidi kwenye shahada ya kwanza. Nchini Uingereza, De Montfort ya Leicester ndiyo hutajwa kwanza. Kozi yake ya sidiria na koseti, yaani vazi la kubana kiuno, inahesabu mizizi yake tangu 1947, na si ajabu, maana mkoa huo ulikuwa na viwanda vya koseti kama kile cha Symington cha Market Harborough. Kuna pia London College of Fashion, Fashion Institute of Technology ya New York na Hong Kong Polytechnic University, ambako fani hii inafundishwa karibu na uhandisi wa nguo. Ukipanda hadi uzamili, mara nyingi unakuta shahada ya mitindo kwa jumla, au ya nguo na teknolojia yake, na ndani yake mwanafunzi anachagua nguo za ndani kuwa eneo la mradi. Hilo si kasoro. Ila swali la kuuliza kabla ya kuomba nafasi linabadilika: nani hasa atanisimamia, na amewahi kupeleka sidiria kiwandani? Msimamizi hodari wa makoti anaweza asione kosa la milimita 3 kwenye mshono wa kikombe. Kwenye koti milimita 3 si kitu. Kwenye kikombe chenye mishono miwili, kosa hilo likijirudia kila upande wa kila mshono, unapoteza zaidi ya sentimita nzima ya upana na saizi imeshabadilika.

Muda ndio malalamiko yetu makubwa. Uzamili wa Uingereza kwa kawaida una krediti 180 na huchukua miezi 12 kwa anayesoma muda wote, krediti 60 zikiwa za mradi wa mwisho. Vyuo vingi vya Ulaya bara vina mfumo wa krediti 90 au 120 za ECTS, hesabu ya krediti ya Ulaya, yaani hadi miaka miwili. Kwa gauni, mwaka unatosha. Kwa sidiria unabana, na sababu ni vifaa. Sidiria moja ya waya ina vipande zaidi ya 20: vikombe, bitana, daraja la katikati linalounganisha vikombe, mabawa ya pembeni ya neti ya kubana, njia ya waya, waya wenyewe, mipira ya aina mbili au tatu, mikanda ya mabega, pete na virekebishi vyake, kulabu na vitanzi. Kila kimoja kina muuzaji wake, na wengi wao huuza kwa maelfu. Anayetaka mita tano za mpira wa rangi fulani husubiri, au huambiwa anunue mweupe atie rangi mwenyewe.

Na hapo kwenye rangi ndipo wengi hukwama. Lesi ya nailoni hushika rangi za asidi vizuri. Uzi wa poliesta ulioshonea lesi hiyo haushiki kabisa. Poliesta inataka rangi za aina nyingine na joto la karibu nyuzi 130 kwenye chombo cha shinikizo, joto ambalo linaweza kudhoofisha spandeksi, yaani nyuzi za kuvutika zilizo ndani ya mpira. Matokeo yake ni sidiria ya rangi ya zambarau yenye mishono myeupe, na wiki mbili zimekwenda. Kozi iliyo makini ina maabara ya kutia rangi na fundi wake, na humfundisha mwanafunzi kukata kipande cha sentimita 10 cha kila kifaa, kuvitia vyote kwenye beseni moja, kisha kuvilinganisha chini ya taa ya kiwango kabla hajagusa mzigo mkubwa. Uliza kama maabara hiyo iko wazi kwa wanafunzi wa mitindo au ni ya watu wa vitambaa peke yao. Vyuo vingi vinayo, lakini ufunguo uko idara nyingine.

Karakana sasa. Cherehani ya kawaida ya mshono ulionyooka, aina ya 301 kwa namba za kimataifa za mishono, haiwezi kubeba nguo ya ndani peke yake. Ukishonea mpira kwa mshono huo, siku ya kuvaa uzi unakatika kwa sababu mpira unavutika na uzi hauna pa kuvutikia. Zigizaga ya kawaida, 304, inahitajika kwa mpira wa juu. Zigizaga ya hatua tatu ndiyo ya mpira wa chini ya kifua, kwa kuwa hugawa mvutano kwenye matundu mengi na haikunji kitambaa. Ovaloki ya nyuzi tatu au nne ni ya chupi. Mashine ya sindano mbili ni ya kushonea njia ya waya, na nyingine ndogo ya kufunga mshono hufunga ncha za njia hiyo. Kwa nguo za michezo ongeza ile ya mshono bapa, 607, usioacha ukingo wa kukwaruza ngozi. Kuwepo kwa mashine peke yake hakutoshi. Zihesabu. Zigizaga ya hatua tatu ikiwa moja kwa wanafunzi 20, basi wiki ya kukabidhi kazi itakuwa foleni.

Tazama pia sindano zilizomo. Kwenye neti na trikoti inatakiwa sindano yenye ncha ya mviringo, namba 65 hadi 75. Sindano kali hukata nyuzi za spandeksi. Leo huoni kitu. Baada ya kufua mara kadhaa vinyuzi vyeupe vinachomoza kando ya mshono na bawa linalegea. Ukikuta sindano namba 90 kwenye kila mashine ya karakana inayojiita ya nguo za ndani, umeshapata jibu lako.

Kuna vyuo vyenye mashine ya kufinyanga vikombe vya sponji. Tunaipenda, lakini isikupumbaze. Sponji ya polyurethane hufinyangwa kwa joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi, kwa dakika moja au zaidi kulingana na unene. Joto likipungua, kikombe hurudi kuwa bapa kikishafuliwa. Likizidi, sponji huwa ya njano na ngumu. Ujuzi uko kwenye kuandika joto, muda na unene wa kila jaribio, na hapo ndipo unapoona kama msimamizi anafundisha au anamwachia fundi wa mashine amfanyie mwanafunzi.

Saizi ndiyo moyo wa fani, na kwa maoni yetu ndipo uzamili unapojitenga na kozi fupi. Kwa mfumo wa Ulaya, EN 13402, saizi 75B ni kifua cha chini cha sentimita 73 hadi 77, na tofauti kati yake na kifua cha juu ni sentimita 14 hadi 16. Mkanda wa chini ya kifua, yaani namba, hupanda kwa sentimita 5, kikombe, yaani herufi, kwa 2. Kutokana na mpangilio huo, kikombe cha 75C kinakaribiana kwa ujazo na 80B na 70D, na saizi hizo huweza kutumia waya mmoja. Mwanafunzi asiyelielewa hili huchukua pateni, yaani kielelezo cha kukatia, ya 75B, akaikuza kwa asilimia kwenye kompyuta, akadhani kamaliza. Kisha waya hauingii, na daraja la katikati limekuwa pana kama mkono wa mtoto. Daraja halikui hivyo. Kati ya saizi moja na nyingine hubadilika kidogo sana, kwa sababu nafasi kati ya matiti haiongezeki kwa kadiri ya matiti yenyewe. Kinachokua ni kina cha kikombe na urefu wa mstari wa waya.

Kuna mpaka pia ambao pateni moja haiuvuki. Kufikia D unaweza kwenda na kikombe cha vipande viwili. Kuanzia E na F kikombe kinataka vipande vitatu, kipande cha pembeni cha kusukuma titi mbele, bitana isiyovutika, mikanda mipana na kulabu safu tatu. Tunashauri hivi: omba kuona mradi wa mwisho wa mwanafunzi aliyehitimu, uliza ameshona saizi ngapi. Jibu likiwa 75B peke yake, kozi hiyo inafundisha kuchora.

Kosa jingine la kawaida liko kwenye waya. Njia yake lazima izidi waya kwa milimita 5 hivi kila ncha. Wanafunzi huibana ili ionekane safi kwenye picha. Mvaaji akivuta pumzi, mkanda ukivutika, waya hutanuka, hukosa pa kwenda na hutoboa kitambaa upande wa kwapa. Mpira wa chini ya kifua nao hukatwa mfupi kuliko mshono kwa asilimia 10 hadi 15, lakini namba hiyo si ya kukariri. Mpira mpya, jaribio jipya: vuta kipande cha sentimita 10 hadi kikomo, pima, kiachie, pima tena baada ya dakika chache. Kisiporudi kilipoanzia, usikitumie kwenye mkanda.

Programu za 3D kama CLO na Browzwear zinatangazwa sana siku hizi. Kwa chupi na kanzu za kulalia zinasaidia kweli, zinaokoa kitambaa. Kwa sidiria tuna mashaka. Mwili wa kwenye kioo cha kompyuta mara nyingi ni mgumu, hausukumwi na waya, haubonyei chini ya mkanda, kwa hiyo kila kitu kinaonekana kimekaa. Mwanasesere wa karakana ana tatizo hilo hilo. Ndiyo maana tunasisitiza mtu halisi wa kujaribishia, mwenye saizi inayojulikana, anayelipwa na chuo na anayeweza kusema panapomuuma. Chuo kinachomwachia mwanafunzi amtafute rafiki yake kinaokoa fedha kwa gharama ya mwanafunzi.

Hapo pana jambo ambalo brosha hazisemi. Kupima miili ya watu kwa ajili ya utafiti kunahitaji kibali cha kamati ya maadili. Fomu inataka maelezo ya chumba cha faragha, nani anapima, picha zitahifadhiwa wapi, na karatasi ya ridhaa. Kamati huchukua wiki kadhaa, na mara nyingi hurudisha fomu ya kwanza kwa marekebisho. Anayeanza kuijaza muhula wa mradi ameshachelewa. Ijaze muhula mmoja kabla, hata kama swali lako halijakomaa.

Na swali ni lazima liwepo. Uzamili hautoi shahada kwa nguo nzuri sita. Miradi tunayoiona ikipata alama za juu huanza na tatizo la mwili: sidiria ya mwanamke aliyeondolewa titi, ambapo mfuko wa titi bandia lazima uzuie silikoni isiteleze, au ya michezo, ambapo matiti husogea juu na chini, pembeni na mbele kwa wakati mmoja. Kwa hilo la pili, kikundi cha utafiti wa afya ya matiti cha Chuo Kikuu cha Portsmouth kimechapisha kazi nyingi, na mwanafunzi asiyeipitia ataulizwa.

Upande wa vipimo vya maabara na sheria hufundishwa kwa haraka kila mahali. Angalau ujue kwamba Umoja wa Ulaya huweka kikomo cha nikeli inayotoka kwenye kulabu na pete zinazogusa ngozi muda mrefu, mikrogramu 0.5 kwa sentimita ya mraba kwa wiki, na kwamba OEKO-TEX Standard 100, cheti cha usalama wa vitambaa, huruhusu formaldehaidi isiyozidi 75 mg/kg kwa nguo za kugusa ngozi. Mnunuzi wa kiwanda atakuuliza hayo kabla ya kutazama michoro.

Kwa maombi, peleka kurasa 20 au pungufu, na nusu yake iwe ni kazi ya mkono: pateni zilizosahihishwa, sampuli za mishono zilizopigwa picha kwa karibu mbele na nyuma, karatasi moja ya maelekezo ya kiwanda yenye orodha ya vifaa na vipimo na kiasi kinachoruhusiwa kupotoka. Sidiria iliyofeli pamoja na maelezo ya kwa nini ilifeli hupokelewa vizuri kuliko mchoro wa rangi za maji.

Kwa fundi anayeshona tayari na anayetaka kazi ya utaalamu wa vipimo na pateni kiwandani, tunaipendekeza shahada hii, hasa ile ya miaka miwili. Asiyewahi kushona mpira aanze na kozi fupi ya wiki chache. Naye anayetaka kufungua chapa yake akiwa tayari na mtaji, huo mwaka angeuweka kwenye sampuli na kumlipa mkata pateni mzoefu.