Pikipiki mpya ya kazi: nimezipanga kwa kuangalia nani atakusaidia ikigoma

Ukiuliza kijiweni ununue pikipiki gani, utajibiwa kwa injini: hii ina nguvu, ile haili mafuta, nyingine inapanda mlima na magunia mawili. Mimi nimezipanga kwa swali jingine. Ikigoma mwezi wa kwanza, itarudi barabarani baada ya muda gani, na kwa pesa ya nani? Dereva anayepeleka hesabu kila jioni, au anayelipa mkopo kila wiki, hana swali zito kuliko hilo. Pikipiki ikisimama, deni linaendelea kutembea.

Nazungumzia pikipiki za cc 100 hadi 150 (cc ni ukubwa wa injini) zinazouzwa Tanzania, na mtu wa Kahama, Ifakara au Tunduma namfikiria kuliko wa Dar es Salaam. Wa Dar akikosa spea dukani anashuka Kariakoo. Wa Tunduma anasubiri basi.

Kwanza tuelewane kasoro zinatoka wapi. Pikipiki nyingi hufika kwenye makasha zikiwa hazijaunganishwa zote. Usukani, tairi la mbele, betri na vioo hufungwa hapa hapa nchini, mara nyingine uani kwa duka lenyewe, na kijana anayelipwa kwa idadi ya pikipiki alizomaliza. Ndiyo maana matatizo mengi ya wiki za mwanzo hayahusiani na kiwanda: nati haikukazwa, cheni imevutwa mno, tairi la nyuma limekaa upande, stelingi ina mchezo, waya wa klachi umebanwa. Fundi makini wa duka anayamaliza hayo ndani ya muda mfupi bila kununua chochote. Kundi la pili ni kasoro za kweli: oili inayovuja kwenye gaskiti ya silinda, gia inayoruka yenyewe, betri isiyopokea chaji, injini inayogonga, fremu yenye ufa kwenye maungio. Hapo ndipo duka linapojulikana.

1. Bajaj Boxer (BM 100, BM 125, BM 150)

Naiweka juu, ingawa nayo huharibika kama chombo kingine chochote. Ikiharibika, fundi wa chini ya mwembe anaijua, na spea zake utazikuta hata kwenye duka la kijijini linalouza sukari na misumari. Kwa mtu wa wilayani hilo peke yake linatosha. Wakala rasmi akikuzungusha, bado una njia ya kurudi kazini.

Ubaya wake umetokana na umaarufu huo huo: hakuna pikipiki inayoghushiwa spea kama hii. Boksi lina nembo, stika inang'aa, ndani kuna ringi za pistoni za chuma laini au cheni itakayorefuka kabla hujazoea mlio wake. Ndani ya kipindi cha waranti, yaani dhamana ya muuzaji, spea feki ina hasara mbili. Inakufa mapema, na inampa wakala sababu ya kukukataa hata kwa kasoro isiyohusiana nayo. Kwa kipindi hicho nunua spea kwa wakala tu, kwa risiti, hata kama ni ghali. Waranti ikiisha utaamua mwenyewe.

Kama unabeba abiria mjini kwenye njia tambarare, BM 100 inatosha na mafuta yake ni kidogo. BM 150, yenye cc 144.8, ni ya mizigo na milima. Wanaokosea ni wanaochukua ya 100 kwa sababu ya bei, kisha wanaipakia mishikaki (abiria zaidi ya mmoja) na mkaa. Injini ikichoka wanasema ni mbovu.

2. TVS HLX (125 na 150)

Iko nyuma ya Boxer kwa hatua ndogo sana, na kuna miji ambako ningeigeuza iwe ya kwanza. Angalia wakala wa mji wako: kama ana karakana yenye fundi aliyefunzwa na rafu ya spea unayoiona kwa macho, chukua HLX bila kusita. Ipo HLX 150 ya gia tano, na anayekwenda masafa ya barabara kuu ataipenda.

Inashuka kwangu kwa sababu moja: ukitoka mjini spea zake zinapungua haraka kuliko za Boxer. Za kawaida kama breki, cheni na waya utazipata. Kitu cha ndani ya injini au cha umeme unaweza kuagiziwa kutoka mkoani. Uliza kabla ya kulipa: "Nikihitaji kifaa cha chaji leo, kipo?" Muuzaji akisema kipo, omba akuonyeshe.

3. Haojue

Ya Kichina, lakini haistahili kuwekwa kapu moja na zinazofuata. Kiwanda chake kimeshirikiana na Suzuki kwa miaka mingi, na utaliona hilo kwenye umaliziaji: maungio ya fremu, nyaya zilizofungwa vizuri, injini tulivu. Nimeiweka ya tatu kwa ajili ya mtandao wa spea. Mawakala wazuri wapo, ila hawapo kila mahali, na ukiwa mbali nao unabaki na pikipiki nzuri ambayo fundi wa mtaani anaifungua kwa kubahatisha.

4. Sanlg, Fekon, T-Better, Kinglion na ndugu zao

Hapa bei ndiyo inayovuta, na sitamlaumu mtu anayeanzia hapa. Kuna jambo wengi hawalijui linaloziokoa pikipiki hizi. Nyingi za cc 125 zinafuata muundo wa injini ya Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hufanyishwa kazi ngumu na huduma ni haba. Valvu zake husukumwa kwa fimbo, hakuna cheni ya taimingi ya kulegea na kupiga kelele. Kwa kuwa chimbuko ni moja, spea nyingi za chapa hii zinaingia kwenye ile. Fundi akikosa ya Fekon anafunga ya Sanlg, na safari inaendelea. Akumbuke tu kupima: kifaa cha cc 125 na cha cc 150 si kimoja.

Sehemu dhaifu ni waranti, ambayo mara nyingi ni ya mdomo. Jina la kwenye tangi linaweza kuletwa na mfanyabiashara fulani kwa misimu michache, kisha akaleta jina jingine, na ahadi zikaondoka na lile la kwanza. Kwa hiyo usiulize "ina waranti?" Uliza nani ameiingiza nchini, ofisi yake iko wapi, na kama jina hilo limeandikwa kwenye risiti. Ukishindwa kupata jibu, hesabu kwamba matengenezo yote ni ya kwako, na utenge pesa hiyo tangu siku ya kununua.

5. Honda na Yamaha

Kwa shirika, halmashauri au mradi wa kilimo wenye bajeti ya spea, Yamaha AG100 na Honda XL125 zimejijengea heshima kwa miaka mingi, na hapo zingekuwa za kwanza. Kwa bodaboda anayejitegemea naziweka chini. Bei yake inaweza kuzidi mara mbili ya Boxer, spea halisi ni ghali, na nje ya miji mikubwa husubiriwa. Ni chombo cha mtu anayeweza kumudu kusubiri.

Za umeme sikuzipa namba, maana hazipimwi kwa kigezo hiki. Kigali na Nairobi, kampuni kama Ampersand na Spiro zina vituo vya kubadilishia betri, na betri huwa mali ya kampuni: ikichoka, unapewa nyingine kituoni. Dereva wa huko hana wasiwasi wa oili wala plagi. Lakini akitoka nje ya eneo la vituo hana chochote. Kwa wilaya nyingi za Tanzania, subiri kwanza vituo vifike kwako.

Duka linaweza kuipindua orodha hii yote

HLX ya wakala makini inaishinda Boxer ya duka la juu juu, na ndiyo sababu nasisitiza uende dukani mara mbili: mara ya kwanza bila pesa. Pita moja kwa moja nyuma, kwenye karakana. Ipo? Kuna pikipiki za wateja zinazotengenezwa, au kuna makasha matupu tu? Ongea na dereva anayesubiri chombo chake, umuulize ameleta lini na ameambiwa nini. Dakika chache na mtu huyo zina thamani kuliko kipeperushi chochote. Jirani yangu mmoja wa kijiweni alinunua pikipiki duka lisilo na karakana. Oili ilipoanza kutoka kwenye silinda aliambiwa "endesha kwanza, itakaa sawa." Aliendelea kuendesha hadi oili ikaisha, na duka likasema ameiua mwenyewe.

Siku ya kuchukua, usiondoke kwa furaha ya harufu ya rangi mpya. Iwashe ikiwa baridi. Zungusha usukani kushoto na kulia ukisikiliza kama unakwaruza. Simama nyuma uangalie kama matairi mawili yamenyooka. Gusa spoki moja moja, iliyolegea utaijua. Washa taa, indiketa, honi na taa ya breki. Soma namba ya fremu na ya injini mwenyewe, ulinganishe na karatasi zitakazokwenda TRA, mamlaka ya mapato, kwa ajili ya kadi ya usajili. Namba ikipishana kwa tarakimu moja, utahangaika nayo hadi siku ya kuuza. Dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) yenye bei halisi uliyolipa, na kitabu cha servisi kilichogongwa muhuri.

Waranti yenyewe isome. Kwa kawaida huhesabiwa kwa miezi au kilomita, kinachotangulia ndicho kinachoimaliza, na dereva wa kazi humaliza kilomita mapema. Haihusu vitu vinavyolika: matairi, breki, plagi, balbu, mara nyingi na sahani za klachi. Na huvunjwa kwa mambo ambayo vijana wetu hufanya wiki ya kwanza: kukata nyaya ili kufunga alamu na muziki, kuchomelea keria kwenye fremu, kuruka servisi ya kwanza. Servisi hiyo, kati ya kilomita 500 na 1,000 kulingana na kitabu chako, ndiyo inayotoa oili yenye vumbi la chuma la injini mpya. Usiikose hata kama una abiria wa kwenda mbali.

Kuhusu oili nitasema kwa mkazo. Klachi ya pikipiki hizi inazunguka ndani ya oili ile ile ya injini. Oili ya gari, hasa zile za kupunguza msuguano, huifanya iteleze: injini inalia, mwendo hauji. Unarudi dukani kulalamika klachi mbovu, fundi anaona oili uliyoweka, na mazungumzo yanaishia hapo. Tafuta kopo lenye maandishi JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya namna hii.

Anayenunua kwa mkopo ana jambo la ziada. Mara nyingi kadi hubaki kwa mkopeshaji, na mkopeshaji hufunga kifaa cha kufuatilia pikipiki kwenye nyaya. Kabla ya kusaini, pata kwa maandishi majibu ya mambo matatu: nani anapeleka dai la waranti, kifaa hicho kinavunja waranti ya umeme au hapana, na marejesho yanakuwaje chombo kikiwa karakana kwa kasoro ya kiwandani. Wengi hawatakupa nafuu hiyo ya tatu. Lakini ukiuliza mapema utajua unaingia wapi.

Kasoro ikitokea

Si kila kelele ni ugonjwa. Mvuke mweupe asubuhi ya baridi ni kawaida. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua, na kwa pikipiki mpya hilo halikubaliki. Moshi mweusi ni mafuta mengi, mara nyingi ni kabureta ya kurekebishwa. Gia ngumu kuingia fri (nyutro) huenda ni waya wa klachi tu. Ila ukiona ufa kwenye fremu, au usukani unatikisika kwenye mwendo, simamisha hapo hapo, usibebe mtu.

Rekodi video ya mlio injini ikiwa baridi na ikiwa moto, piga picha ya kilomita na ya mahali panapovuja. Peleka siku hiyo hiyo. Usiache pikipiki bila karatasi inayosema umeileta tarehe gani, ikiwa na kilomita ngapi na tatizo gani. Wakigoma kuandika, watumie maelezo hayo kwa WhatsApp ukiwa umesimama pale pale, ili tarehe ibaki. Wape siku ya kujibu. Ikipita, mwandikie msambazaji wa taifa wa chapa hiyo, maana duka dogo husikia haraka likiguswa na anayelipatia mzigo.

Msambazaji naye akinyamaza, kuna Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo ina sehemu ya kumlinda mlaji. Spea feki nazo zinaripotiwa huko. Kuna pia Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inayodai kitu kilichouzwa kifae kwa kazi iliyojulikana na muuzaji. Ndiyo maana ni vizuri risiti au mkataba wako useme wazi kwamba pikipiki ni ya biashara ya abiria. Nenda na risiti ya EFD, kitabu cha servisi, picha na ujumbe wote. Na hadi upate jibu la maandishi, usiruhusu fundi yeyote wa nje afungue injini, hata akikuambia ni kazi ya dakika kumi.