Dallas kwenye DVD: msimu wa 1 na wa 2

Ukipata seti hii ya Dallas, tamthilia ya televisheni ya Marekani, huko Kisumu na imetoka Marekani, soma nyuma ya kasha kabla hujalipa. DVD hufungwa kwa maeneo ya dunia: za Marekani ni za eneo la 1, ilhali Kenya iko eneo la 5, kwa hiyo deki ya kawaida itaikataa diski. Tafuta deki inayosoma maeneo yote.

Diski 5 hizi zimerekodiwa pande zote mbili, kwa hivyo hazina upande wa kushika ovyo. Zishike ukingoni, uzipanguse kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje. Kipindi kikikwama, mara nyingi ni alama za vidole tu. Na picha usiivute ijaze kioo cha TV, nyuso zitapanuka.

Hadithi yenyewe ni tamu kweli! Vipindi 5 vya mwanzo, vya 1978, usiviruke hata kimoja. Bobby Ewing anamleta nyumbani mkewe Pamela, binti wa Digger Barnes, hasimu wa baba yake Bobby, na kakake Bobby, J.R. (Larry Hagman, hatari kabisa) anaanza fitina. Ugomvi wa baadaye unachipuka hapo. Nani alimpiga J.R. risasi? Hilo linahitaji msimu wa 3 na wa 4.