Geti la skrubu kwenye mfereji wetu wa mpunga Mabogini: uzoefu wangu

Ninalima mpunga Mabogini, katika skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, mkoani Kilimanjaro, iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ambayo hupata maji yake kutoka mito ya Rau na Njoro. Geti ninalolieleza hapa si lile kubwa la banioni, yaani pale maji ya mto yanapoingizwa mferejini, bali ni geti dogo la chuma lenye skrubu na usukani wa mkono, ambalo kikundi chetu kililiagiza kwa fundi wa kuchomelea ili lichukue nafasi ya mbao na viroba vya mchanga tulivyokuwa tukizibia mdomo wa mfereji unaolisha majaruba yetu.

Katika kugawa maji, geti hili limeniridhisha kuliko nilivyotarajia. Penye mbao maji hupita juu, hivyo mfereji mkuu ukijaa kidogo tu, tuseme wenzetu wa juu wamefunga kwao usiku, yanayoingia kwetu huzidi mno, na ukipungua kidogo hatuambulii kitu. Penye geti maji hupita chini ya bamba, na kupanda au kushuka kwa mfereji hakubadilishi sana kiasi kinachoingia. Mgawa maji huzungusha usukani kuinua au kushusha bamba, huhesabu nyuzi za skrubu zilizotokeza juu ya nati, kisha huenda zake. Mwenye zamu akiwa na shaka huja akahesabu mwenyewe. Ugomvi haujaisha, maana maji yenyewe ni machache tangu wakulima wa juu nao walipoingia kwenye mpunga, lakini siku hizi tunagombania ratiba, si ukubwa wa tundu.

Malalamiko yangu ni juu ya utengenezaji. Nati iliyokuja ilikuwa ya chuma kama skrubu yenyewe, na baada ya kiangazi vyote viwili vilishikana kwa kutu, hata vijana wakawa wanachomeka bomba kwenye usukani ili wapate nguvu, jambo ambalo lilianza kuipinda skrubu. Tulipobadilisha tukaweka nati ya shaba na kupaka grisi kila msimu, usukani ukawa unazungushwa kwa mkono mmoja.

Kasoro nyingine ni mchanga. Hujaa pale chini bamba linapokalia, hivyo geti halifungi sawasawa na maji huendelea kuvuja. Dawa yake ni kulifungua kabisa kwa muda mfupi ili mkondo usafishe, ndipo mlifunge. Mchanga huo, ambao zamani ulizuiwa na mbao, sasa unaingia kwenye mfereji wetu mdogo, nasi tunalazimika kuuzibua mara nyingi zaidi.

Anayetaka kuagiza asikubali rangi peke yake bila bamba kupakwa kwanza dawa ya kuzuia kutu, na amwambie fundi aweke tundu la kufuli kwenye usukani tangu mwanzo, kwa sababu letu lilitobolewa baadaye, na hadi lilipotobolewa kila aliyepita usiku alikuwa mgawa maji.