Miche ya mringaringa kwenye kitalu cha kando ya barabara, Kakamega

Anayetaka kivuli kipana uani atapata hapa mringaringa, ule Waluhya wanaouita mukumari, kwa saizi mbili: mdogo wa sentimita 30 kwa shilingi 50, na mkubwa wa mita moja na nusu kwa shilingi 300. Chukua mdogo. Huo mkubwa umekaa mno mfukoni. Ukichana plastiki utakuta mzizi mkuu umejiviringisha chini kama kamba ya mbuzi, na mti wa namna hiyo hudumaa au huja kuangushwa na upepo. Inua mfuko kabla hujalipa. Mizizi ikiwa imetoboa na kushika ardhi, uache.

Wauzaji wanaijua miti yao, ila shimo la futi moja wanalopendekeza halitoshi. Chimba sentimita 60 kwa 60, tenga udongo wa juu, uuchanganye na debe la samadi iliyooza kabisa (mbichi huunguza mizizi). Kwenye udongo mweusi wa Kano, kule uwandani karibu na Kisumu, panda juu ya tuta, maana maji yakituama mizizi huoza. Ngoja masika yashike, na uache mita 8 kutoka ukutani. Matawi ya chini yapogolewe mapema, la sivyo mti hutanuka chinichini na hakuna atakayeweza kuweka kiti pale.

Usafiri ni juu yako. Miche ikibebwa kwa boda, ifunike kwa gunia lenye unyevu. Upepo hukausha yale majani mapana upesi.