Land Rover ya zamani: ununue ya kiraia au ya jeshi?

Kwa anayetafuta Land Rover ya zamani ya kutembelea na kubebea mizigo, chaguo langu la kwanza ni Series III ya inchi 109, yaani umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ambayo ilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Gia zake zote nne za kwenda mbele zina sinkro, yaani kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia ili iingie bila kukwaruza, na ekseli ya nyuma aina ya Salisbury hustahimili mzigo kuliko ile ya gari fupi la inchi 88. Wapenzi wengi wa magari haya hawaipendi grili yake ya plastiki, jambo ambalo mnunuzi hana sababu ya kulijali.

Kabla ya kutazama rangi au kusikiliza injini, ingia uvunguni na nyundo ndogo. Bodi ni ya aluminiamu na haili kutu kama chuma, hivyo gari huweza kuonekana zima ilhali chesisi yake, ambayo ni mabomba ya chuma yenye uwazi ndani, imeoza kwa matope na unyevu uliojikusanya humo kwa miaka. Gonga hasa boriti ya nyuma kabisa na mikono inayoshikilia bodi, kisha kagua ukuta wa chuma unaomtenganisha dereva na injini, kwa maana hizo ndizo kazi za gharama kubwa, wakati injini ya lita 2.25 fundi yeyote mzoefu huifungua na kuifunga.

Ya pili ni Series IIA, ya mwaka 1961 hadi 1971. Spea zake nyingi huingiliana na za Series III, ila gia ya kwanza na ya pili hazina sinkro.

Toyota FJ40 naiweka ya tatu. Injini yake ya silinda sita ina nguvu zaidi, lakini bodi ni ya chuma, na kwa mkazi wa Tanga au Mombasa hewa ya chumvi ni adui wa kila siku. Anayeishi Dodoma au Nanyuki anaweza kuipandisha nafasi moja.

Ya nne ni ile ya jeshi la Uingereza iitwayo Lightweight, yenye madigadi bapa, iliyoundwa ili paneli zake zing'olewe na gari libebwe na helikopta. Ikiwa na paneli zote, huwa nzito kuliko ya kiraia ya inchi 88. Muulize muuzaji kuhusu umeme: zilizofungwa redio hutumia volti 24, na hapo stata, alteneta na balbu za kawaida za volti 12 hazifai.

Series I ya mwaka 1948 hadi 1958 ni nzuri mno, nami naipenda kuliko zote, lakini vipuri vyake ni adimu. Inunue ukiwa tayari una gari jingine la kazi.