Mauser yenye mtutu mpya: aina nne za risasi za .30-06, iliyobaki ni moja

Nimepima aina nne za risasi za .30-06, kipimo cha risasi za kuwindia, kwenye bunduki moja ya Mauser. Kwenye mita 100 aina iliyoongoza ilitoa makundi (kundi ni matundu ya risasi zilizopigwa kwa mlengo mmoja) yenye upana wa wastani wa milimita 31, na iliyoshika mkia milimita 74. Mtutu uleule, mpigaji yuleyule, asubuhi zilezile za Iringa. Anayeuliza "risasi gani ina shabaha?" anauliza nusu ya swali, nusu nyingine iko ndani ya mtutu wake. Ndiyo maana viwanda sitavitaja. Risasi iliyoshika mkia kwangu inaweza kuongoza kwako, na nikiisema vibaya nitakuwa nimekunyima kuijaribu.

Mwili na bolti, yaani kile chuma kinachosukuma risasi na kufunga nyuma ya mtutu, ni vya Mauser 98. Mtutu ni mpya, wa inchi 24, mifereji yake ya ndani inazungusha kichwa cha risasi mara moja kila inchi 10. Uliofungwa na fundi wa silaha mwenye leseni ni huo mtutu, na badiliko likaingizwa kwenye kumbukumbu za umiliki. Kazi ya nyumbani ni kitako peke yake, cha mninga wa Chunya. Nalisema hili mapema kwa sababu kuunda bunduki uani bila idhini ni kosa kisheria, na hata sheria ikiwekwa kando, nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda hupimwa kwa geji mbili: moja lazima bolti ifunge juu yake, nyingine lazima ikatae. Jicho haliwezi kazi hiyo.

Hata baada ya geji, angalia maganda ya risasi tano za kwanza. Geuza ganda polepole kwenye mwanga wa jua. Ukiona mstari unaong'aa kama pete, kiasi cha sentimita moja juu ya kitako, acha kupiga na umrudishie fundi: ukuta wa ganda unavutika pale na siku moja utakatika ndani ya chemba, ile sehemu ya mtutu inayopokea risasi. Angalia na fataki, kile kiwashio cha duara katikati ya kitako cha ganda. Kingo zake zikiwa bado na mviringo kidogo, sawa. Ikiwa imelala bapa hadi ukingoni, au bolti inafunguka kwa kubisha, mgandamizo umezidi. Kwangu maganda yalitoka safi.

Jambo jingine la Mauser zilizobadilishwa: maandishi ya zamani kwenye mwili. Nyingi zilizaliwa na risasi ya 7.92×57, kichwa chake kina kipenyo cha milimita 8.2. Cha .30-06 ni 7.82. Anayesoma chapa ya mwili bila kusoma ya mtutu anaweza kununua risasi ya kumlipukia usoni. Na risasi ya .308 isikudanganye kwa kuwa kichwa chake kina kipenyo kilekile, kwani ganda lake ni la milimita 51 wakati la .30-06 ni 63. Soma chapa kwenye kitako cha kila risasi, si kwenye boksi tu. Maboksi huchanganywa dukani.

Kabla ya kulaumu risasi, bunduki yenyewe ikaguliwe. Nilianza na skrubu mbili zinazoshika mwili kwenye kitako. Kwenye mbao nafunga Nyutoni mita 4 hadi 4.5 kwa bisibisi yenye kipimo, ya mbele kwanza. Skrubu za pete za darubini nafunga 2 tu. Ukizikaza kwa hasira unaibana darubini, na vioo vya ndani vinagoma kurekebishika. Kisha nikapitisha noti ya shilingi elfu kumi kati ya mtutu na mbao kuanzia mdomoni. Inapaswa kuteleza hadi karibu na chemba. Yangu ilikwama upande wa kushoto, sentimita 12 kutoka ncha ya kitako, na bila kupiga msasa hapo ningeendelea kuona makundi yanayotambaa kuelekea kulia kadiri mtutu unavyopata joto, nikidhani ni baruti. Mninga hautanuki sana ukilinganisha na mbao nyingine, lakini mwenye bunduki anayeishi Tukuyu, ambako mvua haina adabu, apake mafuta ya kitani pia ndani ya mfereji wa mtutu na chini ya bamba la begani. Mbao hunywa maji kupitia ncha zake zilizokatwa, na hizo ndizo watu husahau.

Sasa upimaji. Idadi ya risasi ni ile kibali kinachoruhusu, kwa hiyo hakuna nafasi ya kuchezea. Niligawa hivi: kwa kila aina, mbili za kuzoesha mtutu, kisha makundi mawili ya risasi tano tano. Jumla 12 kwa aina, 48 kwa aina nne, pamoja na 4 za kuleta darubini kwenye karatasi. Kundi la risasi tatu linadanganya. Mara mbili risasi tatu za kwanza zilikaa ndani ya milimita 20, ya nne na ya tano zikaufungua upana hadi 50.

Uwanja uwe wenye idhini, na nyuma ya shabaha kuwe na tuta la udongo, si kichaka. Mita 100 nilipima kwa utepe, kwa sababu hatua za miguu hutofautiana. Mbele mfuko wa mchanga, nyuma soksi nene iliyojazwa mchele. (Mchele wa Kyela ukiuacha ghalani, panya watakupunguzia mfuko wa nyuma kabla ya msimu.) Mfuko wa mbele ukae chini ya mbao, kamwe usiguse mtutu. Kati ya risasi na risasi, dakika mbili. Kati ya makundi, mpaka mtutu uweze kushikwa kwa sekunde tano bila kuondoa mkono. Anza jua linapochomoza: kufika saa nne asubuhi kusi limeamka, na kwa wale wa Makambako hata hiyo saa nne ni kuchelewa. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa husukuma kichwa cha greni 180 (gramu 11.7 hivi) sentimita 7 hivi kwenye mita 200. Kwenye mita 100 ni chini ya sentimita mbili, lakini inatosha kuharibu hesabu ya milimita.

Upana wa kundi pima kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa tundu lililo mbali zaidi, kisha toa 7.8.

Matokeo, wastani wa makundi mawili. Greni 150 ncha laini: milimita 58. Greni 165 ncha laini: 39. Greni 180 ncha laini: 31. Greni 180 shaba tupu: 74.

Hiyo ya shaba tupu nilikaribia kuitupa, na ningekosea. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba chenye uzito uleule ni kirefu zaidi, na tabia yake mtutuni ni nyingine. Zaidi ya hapo nilikuwa nimeipiga mwisho, juu ya uchafu wa aina tatu zilizotangulia. Nikasafisha mtutu kwa dawa ya kuondoa shaba mpaka kitambaa kikaacha kutoka na rangi ya buluu, nikapiga mbili za kuzoesha, kisha tano: milimita 46. Bado haikuishinda ile ya 31, ila si takataka. Anayepima aina kadhaa asafishe kila anapobadilisha. Nilivyofanya mwanzoni ni uvivu.

Greni 150 sikuiacha kwa ajili ya karatasi pekee. Inatoka mdomoni karibu mita 890 kwa sekunde, na katika miombo ambako mnyama hupigwa mita 60 au 80, ncha laini yenye kasi hiyo hupasuka mapema na kulijaza bega damu iliyovilia. Kwa swala inavumilika. Kwa pofu au nyumbu nataka greni 180, inayokwenda kama mita 820 na kuingia ndani zaidi. Nyati si mnyama wa .30-06, mazungumzo yake yanaanzia risasi ya .375.

Kisha likaja suala la toleo. Ile greni 180 ya milimita 31 nilipoifuata tena dukani, muuzaji alinipa boksi lenye sura ileile. Namba ya toleo iliyopigwa chapa kwenye ulimi wa ndani ilikuwa nyingine. Kundi la risasi tano: milimita 52, na katikati yake imeshuka sentimita 3. Kiwanda hubadilisha fungu la baruti au fataki, kasi inasogea kidogo, na mtutu unasikia. Muuzaji aliona namlalamikia jambo la kitoto. Siku hizi nafungua ulimi wa boksi kabla ya kulipa, na nikipata toleo linalokubali, nachukua maboksi yote ambayo kibali kinaruhusu.

Magazini, kile kisanduku cha risasi chini ya bolti, nayo isisahauliwe. Ya Mauser ya asili ilitengenezwa kwa risasi fupi kidogo kuliko .30-06, ambayo hufika milimita 84.8. Risasi zikijaa, kila mpigo huzisukuma mbele na ncha laini hugonga ukuta. Nilitoa ya mwisho baada ya nne kupigwa: ncha imelala kama penseli iliyoanguka. Kundi halikuharibika sana kwenye mita 100, milimita chache tu, lakini risasi yenye ncha bapa wakati mwingine hukwama kuingia chemba, na porini huko ndiko kukosa. Napakia tatu.

Darubini nimeiweka ipige sentimita 5 juu kwenye mita 100. Hapo inakuja kukutana na mlengo karibu na mita 180 hadi 200. Tofauti ya hewa kati ya Iringa mjini na bonde la Ruaha haina uzito kwa umbali huo. Joto lina uzito zaidi: boksi lililoshinda kwenye dashibodi ya Land Cruiser nalitenga, silipigi siku hiyo.

Kipimo cha mwisho ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Karatasi moja, asubuhi tatu tofauti, risasi moja kila asubuhi kutoka mtutu wa baridi, kisha bunduki inarudi kabatini. Matundu matatu yalikaa ndani ya milimita 40, la kwanza likiwa juu kidogo kwa sababu mtutu ulikuwa na mafuta. Tangu hapo napitisha kitambaa kikavu kabla ya kutoka.